Sahani Zilizokataliwa Kwao

Wahenga walisema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii hutajwa sana na waliofaulu, na mara chache na walioshindwa. Walakini habari za muziki wa Waamerika weusi uitwao soul, yaani muziki wa roho, zaonyesha kwamba chema chaweza kukaa ghalani miaka kumi bila mnunuzi, kikafunikwa na vumbi, mpaka apatikane mtu wa mbali mwenye sikio la kukisikia. Sahani nyingi za santuri zilizokataliwa Marekani katika miaka ya 1960 zilipokewa kwa heshima kaskazini ya Uingereza katika miaka ya 1970. Waliozipokea sasa ni wazee, na kumbukumbu zao zimekuwa sehemu ya historia. Yafaa kumbukumbu hizo zisikilizwe kwa shukrani. Yafaa vile vile zipimwe, kwa kuwa ndani yake mna deni ambalo halijalipwa lote.

Chanzo cha mambo kilikuwa Detroit, mji wa viwanda vya magari. Mwezi wa Januari 1959 Berry Gordy, aliyewahi kuwa mfanyakazi katika kiwanda cha magari, alikopa dola 800 katika mfuko wa jamaa zake, akaanzisha biashara ya muziki iliyokuja kujulikana kwa jina la Motown. Nyumba ya kawaida iliyoko West Grand Boulevard iligeuzwa kuwa mahali pa kurekodia, na kutoka humo zilitoka nyimbo zilizopendwa na weusi na weupe pamoja. Kufaulu kwake kuliwatamanisha wengi. Katika Detroit yenyewe, na katika Chicago, Philadelphia na Los Angeles, zilichipuka kampuni ndogo ndogo, nyingine hazina mali ila chumba kimoja na matumaini. Mwimbaji aliitwa, akaimba, sahani chache zikachapwa, zikapelekwa kwa watangazaji wa redio. Wimbo uliopigwa redioni uliweza kuishi. Wimbo usiopigwa ulikufa katika majuma machache, wala hakuna aliyeuliza kama ulikuwa mzuri au mbaya.

Hivyo ndivyo soko lilivyohukumu. Lilihukumu fedha za kutangazia kabla ya kuhukumu sauti. Tena ladha ya watu ilibadilika upesi. Miaka ya 1960 ilipokaribia mwisho, wasikilizaji wa Marekani walikuwa wakigeukia mapigo mazito zaidi, na nyimbo za mwendo wa kasi za mwaka 1965 zilionekana kuukuu. Maghala yakabaki na marundo ya sahani ndogo zisizouzwa, na waimbaji wengi wakarudi katika kazi nyingine.

Wakati huo huo, ng'ambo ya bahari, nyimbo hizo zilipata masikio yasiyotazamiwa. Lancashire ilikuwa nchi ya viwanda vya pamba na machimbo ya makaa ya mawe. Stoke ilikuwa miji ya wafinyanzi wa vyombo vya udongo. Vijana wa huko walifanya kazi siku tano zinazofanana, kisha wakaitafuta Jumamosi kama mtu mwenye kiu atafutavyo kisima. Katika Manchester palikuwa na klabu iliyoitwa Twisted Wheel, iliyofunguliwa mwaka 1963, ambayo mikesha yake ya dansi ilivuta watu kutoka miji ya mbali. Wapiga santuri wake walipenda nyimbo za kasi za Waamerika weusi, na wachezaji wakazizoea. Ladha ya ulimwengu ilipogeuka, wao hawakugeuka.

Aliyewapa jina alikuwa mtu wa London. Dave Godin, aliyezaliwa mwaka 1936, aliupenda muziki huu tangu ujana, akaanzisha chama cha wapenzi wa Motown katika Uingereza kabla kampuni hiyo haijapata sifa kubwa huko. Baadaye alifungua duka la sahani lililoitwa Soul City. Aliona kwamba wateja waliotoka kaskazini, wengi wao wakija London kufuata timu zao za mpira, hawakutaka nyimbo mpya. Walitaka za zamani zenye mwendo wa kasi. Mwaka 1968 akawaambia wasaidizi wake kwamba muziki wanaoutaka watu hao ni soul ya kaskazini. Neno lililosemwa dukani kwa ajili ya kurahisisha kazi likawa jina la mapenzi ya kizazi kizima. Msomaji na aangalie ajabu yake: kaskazini inayotajwa si kaskazini ya walioimba, bali ni kaskazini ya waliosikiliza. Jina lenyewe lilimtaja mpokeaji, likamwacha mtoaji.

Twisted Wheel ilifungwa mwaka 1971. Mkesha ukahamia Tunstall, karibu na Stoke, katika ukumbi wa Golden Torch, ambako mwaka 1972 Major Lance wa Chicago alikuja mwenyewe kuimba, na sauti yake ikarekodiwa mbele ya umati uliozijua nyimbo ambazo kwao zilikuwa zimeanza kusahauliwa. Ukumbi huo nao ukafungwa mwaka 1973. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo mikesha ikaanza katika ukumbi wa zamani wa dansi mjini Wigan, uliojulikana kwa jina la Wigan Casino. Milango ilifunguliwa usiku wa manane wakati mabaa yamekwisha kufungwa, na dansi ikaendelea mpaka saa mbili asubuhi ya Jumapili. Pombe haikuuzwa. Watu walicheza kila mmoja peke yake, wakizunguka, wakiruka na kujitupa nyuma hata mikono ikagusa sakafu, kisha wakasimama tena katika pigo lile lile. Poda ilinyunyizwa chini ili nyayo ziteleze. Wengi walibeba mkoba wenye nguo za kubadili, maana jasho lilikuwa kama mvua.

Haifai kuficha kwamba mikesha hiyo ilikuwa na upande wa giza. Vidonge vya kuondoa usingizi vilitumiwa na wengi, na vingine viliibwa katika maduka ya dawa. Polisi walizifuata klabu hizo kwa sababu hiyo, na vijana wengine walipata madhara ambayo uzee haukuyafuta. Mpenzi anayesimulia uzuri wa usiku bila kutaja jambo hili husimulia nusu ya habari.

Basi, kwa kuwa wachezaji hawakutaka nyimbo mpya, na nyimbo za zamani zilizojulikana zilichosha kwa kurudiwa, palikuwa na njia moja tu: kutafuta za zamani zisizojulikana. Hapo ndipo sahani zilizokataliwa zilipopata thamani. Wapiga santuri walivuka bahari, wakaingia katika maghala na maduka ya vitu vilivyotumika, wakapekua marundo. Mwaka 1973 Richard Searling alirudi kutoka Marekani na sahani ya Gloria Jones iliyotolewa mwaka 1965. Wimbo wa Tainted Love ulikuwa umewekwa upande wa pili wa sahani hiyo, upande wa wimbo usiotegemewa, na haukupata wanunuzi kwao. Katika kumbi za kaskazini ya Uingereza uliinua watu vitini.

Mashindano yalileta hila. Mpiga santuri aliyepata sahani adimu alifunika jina lake kwa karatasi, akautangaza wimbo kwa jina la uongo na mwimbaji mwingine, ili wapinzani wasiitafute na wachapaji wa magendo wasiiige. Mfano mashuhuri ni wimbo wa Frank Wilson uitwao Do I Love You. Wilson aliurekodi kwa Motown mwaka 1965. Husimuliwa kwamba nakala chache zilichapwa kwa majaribio, kisha zikaharibiwa, kwa kuwa aliamua kuwa mtayarishaji wa nyimbo za wengine badala ya mwimbaji. Zilizosalia zilihesabika kwa vidole. Wimbo huo ulipoanza kupigwa Wigan ulitangazwa kuwa ni wa Eddie Foster. Watu waliucheza, wakaupenda, na wakalisifu jina lisilokuwa lake. Motown iliutoa Uingereza mwaka 1979. Mwaka 2009 nakala moja ya asili iliuzwa zaidi ya pauni 25,000.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Pauni hizo zilikwenda kwa aliyekuwa na sahani, si kwa mwenye sauti. Sheria haikuvunjwa, kwa maana aliyeuza aliuza mali yake. Gloria Jones naye aliona mambo yake. Mwaka 1981 vijana wawili wa Kiingereza waliojiita Soft Cell waliurekodi upya wimbo wake, ukafika nafasi ya kwanza katika orodha ya mauzo ya Uingereza. Katika desturi ya biashara hii wimbo ukiimbwa upya malipo humwendea mtunzi, naye alikuwa Ed Cobb. Mwimbaji wa kwanza, ambaye sauti yake ndiyo iliyowafundisha wengine kuupenda, hana fungu. Zaidi ya hayo zilikuwako nakala za magendo, zilizouzwa kwa wachezaji bila mwimbaji wala mtunzi kupata senti moja.

Kwa hiyo mpenzi anaposema, "Sisi tuliziokoa nyimbo hizi," husema kweli, na ni haki yake ajivune. Alizinunua kwa mshahara wa kiwanda, akazitunza katika sanduku lake, akakariri rangi za karatasi zake na namba zilizochongwa kandokando ya nta yake. Bila yeye nyingi zingalipotea. Lakini mwanafunzi wa historia hana budi kuuliza: waliokoa nini? Waliiokoa sauti. Jina waliliokoa mara nyingine, na mara nyingine walilifunika kwa mikono yao wenyewe. Mtu hawakuweza kumwokoa, na wengi hawakujua kwamba yu hai.

Kumbukumbu zao zina kasoro nyingine, ambayo ni ya wanadamu wote: kila mmoja huona kwamba siku zake ndizo zilizokuwa siku za kweli. Katika miaka ya 1970 wapiga santuri Ian Levine na Colin Curtis, katika ukumbi wa Mecca mjini Blackpool, walianza kuchanganya nyimbo mpya za Marekani na zile za zamani. Watu wengi wa Wigan waliona huo ni usaliti. Ugomvi ulikuwa mkali, na wazee wa pande zote mbili hawajausahau. Anayekusanya ushahidi wao hana haja ya kuamua nani alikuwa na haki. Yampasa aandike kila neno pamoja na ukumbi alikosimama msemaji, kama vile msafiri aandikavyo upepo pamoja na upande unakotoka.

Pamoja na hayo, kumbukumbu hizi zilizaa tendo jema. Elimu iliyokusanywa na wapenzi kwa ajili ya dansi ilitumika baadaye kwa ajili ya haki. Tangu mwaka 1982 lebo ya Kent ya London ilianza kuzitoa tena nyimbo hizo kwa mikataba na wenye kuzimiliki, majina yakiandikwa wazi na historia za waimbaji zikielezwa. Katika lebo hiyo hiyo, tangu mwaka 1997, Dave Godin alitoa mikusanyo ya nyimbo za huzuni alizozipenda maisha yake yote. Akafariki mwaka 2004. Waimbaji waliokwisha kusahauliwa kwao walialikwa Uingereza, wakasimama mbele ya watu walioyajua maneno yao yote. Edwin Starr wa Detroit alifanya zaidi: alihamia Uingereza, akaishi huko, akafia huko karibu na Nottingham mwaka 2003. Mcheza kwao hutunzwa, wasema Waswahili. Lakini huyu alitunzwa ugenini, na ugeni ukageuka kuwa kwao.

Wigan Casino ilifungwa mwezi wa Desemba 1981, na jengo lake halipo tena. Kila mkesha ulikuwa na desturi ya kumalizika kwa nyimbo tatu zile zile, zilizopigwa kabla ya saa mbili asubuhi. Husimuliwa kwamba usiku wa mwisho nyimbo hizo tatu zilirudiwa mara tatu, na bado watu walikataa kuondoka. Ndipo mpiga santuri Russ Winstanley akatia mkono katika sanduku lake, akatoa sahani yoyote iliyokuja. Ilikuwa ya Frank Wilson. Safari hii hapakuwa na karatasi juu yake wala jina la kuazima. Wimbo ambao mwenyewe aliuacha ndio uliofunga milango ya ukumbi, katika mji ambao alipouimba hakuufikiria. Wilson alifariki mwaka 2012.

Kijana aliyekuwa na miaka 18 milango hiyo ilipofunguliwa sasa amefika sabini. Akiulizwa habari za usiku ule, huanza na poda iliyokuwa sakafuni na baridi ya asubuhi aliyokutana nayo njiani kurudi kwake. Na aulizwe pia aliyeimba ni nani. Akilitaja jina sawasawa, amelipa sehemu ya deni. Asipolijua, kazi ya kulitafuta inamwangukia anayeandika.