Herufi nene za mviringo: uzuri wake na mipaka yake

MPITA njia mbele ya duka la vinyago vya watoto huenda asijue jina la herufi zilizoandikwa juu ya mlango, ila huhisi kwamba zinamkaribisha. Aghalabu huwa ni nene, hazina vijikia kwenye ncha, na kila mstari wake huishia kwa mviringo, mithili ya ncha ya kidole.

Miongoni mwa fonti mashuhuri za jamii hii ni VAG Rounded. Ilibuniwa mwaka wa 1979 kwa ajili ya kampuni ya magari ya Volkswagen ya Ujerumani, iliyotaka mwandiko mmoja kwa wauzaji wa magari yake na yale ya Audi. Kazi hiyo ilifanywa na kampuni ya usanifu ya Sedley Place ya London. Mmoja wa wasanifu wake alikuwa Gerry Barney, aliyechora nembo ya mishale miwili ya shirika la reli la Uingereza.

Mviringo huo si pambo tu. Fundi anapokata herufi za bango au kuzichapisha, pembe kali ndizo huharibika kwanza: wino husambaa, nayo rangi hubanduka. Herufi isiyo na pembe huficha dosari hizo, hivyo mabango yaliyotengenezwa na mafundi mbalimbali huweza kufanana.

Volkswagen iliiacha fonti hiyo baadaye, lakini haikufa. Aina yake nyembamba ilitumika kwa miaka mingi kwenye vibonye vya kompyuta za Apple, hadi kampuni hiyo ilipoanza kuweka fonti ya San Francisco mahali pake mwaka wa 2015. Ndugu yake, Arial Rounded MT Bold, hupatikana katika kompyuta nyingi zenye programu za Microsoft Office, na ndiyo huwavutia wengi wanaojitengenezea mabango na kadi za mialiko.

Hata hivyo, kila chombo na kazi yake. Herufi nene za mviringo hufaa maneno machache yaliyoandikwa kwa ukubwa: jina la duka, kichwa cha tangazo au jalada la kitabu cha watoto. Zikipunguzwa, matundu ya herufi kama 'a' na 'e' huzibika, huku 'I' kubwa na 'l' ndogo zikifanana kama vijiti viwili. Ukurasa mzima wa herufi hizo huchosha macho upesi.

Zaidi ya hayo, upole wake waweza kupotosha. Onyo la nyaya za umeme likiandikwa kwa sura ileile ya tangazo la peremende, msomaji huenda asilitilie maanani. Kabla ya kuchagua herufi, basi, yafaa mtu ajiulize kwanza ujumbe wake unamkaribisha msomaji, unamwarifu au unamtahadharisha.