Msitu na Wenyewe: Pwani ya British Columbia tangu 1985

Mwaka 1985, katika kisiwa cha Lyell, magharibi mwa Kanada, Wahaida, taifa la wenyeji wa huko, walijipanga barabarani kuyazuia malori ya magogo. Watu 72 walikamatwa, wakiwemo wazee. Waliutetea msitu wa mvua wa ukanda wa baridi, aina adimu inayostawi pale upepo wa bahari unapokutana na milima. Humo mna mierezi iliyopita miaka elfu, ambayo Wahaida wameichonga mitumbwi na nguzo za koo zao kwa vizazi. Mteremko ukifyekwa, udongo huporomokea mitoni wanakozaliana samaki aina ya samoni, na hasara haiishii majini tu: dubu huwavuta samoni hao hadi chini ya miti, na mabaki yao huirutubisha ardhi. Wahaida waliyajua haya kabla ya afisa yeyote wa misitu kufika, na ndiyo maana naamini msitu huu hauna mlinzi wa kudumu zaidi kuliko wenyewe, mradi wapewe mamlaka pamoja na fedha.

Historia ya pwani hiyo inaniunga mkono. Mwaka 1993 Wahaida na serikali ya Kanada walikubaliana kuisimamia kwa pamoja Gwaii Haanas, eneo lenye kisiwa hicho cha Lyell, ingawa kila upande ulishikilia kwamba ardhi ni yake. Mwaka huohuo, huko Clayoquot Sound, mamia ya waandamanaji waliopinga ukataji wa miti walikamatwa, na wanunuzi wa ng'ambo wakaanza kuzibana kampuni za mbao. Shinikizo hilo lilifungua mazungumzo marefu, hata ikafika 2016, asilimia 85 ya misitu katika eneo la Great Bear, lenye hekta milioni 6.4, ikawekwa nje ya ukataji wa kibiashara. Mataifa ya wenyeji yalikaa mezani kama watawala, na mfuko wa dola milioni 120 za Kanada ukaanzishwa ili walipwe walinzi na zianzishwe biashara zisizotegemea shoka.

Wapo watakaonikumbusha Fairy Creek. Huko, mwaka 2021, viongozi wa Wapacheedaht, taifa jingine la wenyeji, waliwataka waandamanaji waliokuwa wakiitetea miti mikongwe waondoke, kwa kuwa jamii yao ilipata mapato kutokana na magogo. Pingamizi hili ni zito, lakini linathibitisha nusu ya pili ya hoja yangu: asiye na chanzo kingine cha riziki hana uhuru wa kuchagua. Hata hivyo, miezi michache baadaye viongozi haohao waliomba ukataji wa miti mikongwe hapo usitishwe kwa miaka miwili, na serikali ikakubali. Ama ajira zinazodaiwa kumezwa na hifadhi, nyingi zilikwisha kuliwa na mashine.

Aprili 2024 British Columbia ilitambua kwamba visiwa vyote vya Haida Gwaii, kikiwemo Lyell, ni ardhi ya Wahaida. Wao pia hukata miti na wataendelea kukata; sasa kiasi na mahali pa kukata vinapaswa kuamuliwa na watakaoishi na matokeo yake. Serikali nyingine zenye misitu kama hii zisingoje watu 72 wengine wakamatwe.