Theokrasia: Neno la Mwisho ni la Nani?

Neno theokrasia lilizaliwa kwa sababu mwandishi mmoja alikosa neno. Mwishoni mwa karne ya 1, Flavius Josephus, Myahudi wa Yerusalemu aliyekuwa akiishi Roma, aliandika kitabu cha kuwajibu watu waliolibeza taifa lake. Wasomaji wake walijua Kigiriki, na Kigiriki kilikuwa na jina la utawala wa mtu mmoja, la utawala wa wachache na la utawala wa umma. Sheria ya Musa haikuingia katika majina hayo. Josephus akaunganisha theos, yaani Mungu, na kratos, yaani nguvu au mamlaka, ile kratos iliyomo ndani ya neno demokrasia. Alijua kwamba analilazimisha neno, na akawadokezea wasomaji hivyo.

Kwake yeye maana ilikuwa wazi: kwa Waisraeli, enzi yote ni ya Mungu. Msomaji wa Biblia anaikumbuka habari ya Samweli. Wazee walipomwendea kumwomba mfalme kama mataifa mengine yalivyokuwa naye, alielezwa kwamba hawakumkataa yeye. Walimkataa Mungu asiwatawale. Lakini tuiangalie habari hiyo tena. Wazee wanapotaka kusema na Mungu wanamwendea Samweli, na jibu la Mungu linawafikia kupitia kinywa cha Samweli. Tangu mwanzo, kati ya Mtawala na watawaliwa amesimama mtu.

Ndipo neno lilipopata maana mbili. Ya kwanza ni ya imani: Mungu ndiye mwenye enzi. Ya pili ni ya siasa: nchi inaongozwa na wale wanaotambuliwa kuwa wasemaji wa Mungu au wafasiri wa sheria yake. Tunapozungumzia mifumo ya serikali, tunazungumzia maana ya pili. Tabu ni kwamba Kiswahili chetu huzichanganya mara kwa mara.

Tuyapime maneno tuliyo nayo. Wapo wanaosema “utawala wa Mungu”. Hii ni tafsiri aminifu ya mizizi ya Kigiriki, ila humpa mtawala sifa ambayo huenda hana. Mwandishi akiandika kwamba nchi fulani iko chini ya utawala wa Mungu, tayari amekiri madai ya wanaoitawala. Hayo ni maneno ya mimbari, na yabaki huko. Wengi husema “utawala wa kidini” au “serikali ya kidini”. Hapa tusikilize kiambishi ki-. Kifalme ni kwa namna ya mfalme, kizee ni kwa namna ya mzee, kidini ni kwa namna ya dini. Ki- hueleza namna na sura, wala haimtaji mwenye mamlaka. Rais anayefungua kila mkutano kwa dua anaweza kuitwa kiongozi wa kidini kwa mwenendo wake, na nchi yake isiwe na chembe ya theokrasia. Neno “theokrasia” lenyewe si geni masikioni mwetu: Mashahidi wa Yehova wa Afrika Mashariki walikuwa kwa miaka mingi na Shule ya Huduma ya Kitheokrasi. Lakini wao hulitumia kwa maana ile ya kwanza, ya imani.

Kabla ya kuchagua, ipo hazina ndani ya lugha yetu inayostahili kufunguliwa. Kitenzi tawala tumekipata kutoka Kiarabu, katika mzizi wenye sauti tatu: w, l na y. Mzizi huohuo ndio uliotupa Mola, walii, wilaya na liwali, yule aliyemwakilisha sultani katika miji ya pwani. Anayesema “Mola anatawala” ameutamka mzizi mmoja mara mbili. Maana yake ya ndani ni ukaribu unaozaa dhamana: aliye karibu nawe ndiye mwenye haki ya kukusimamia. Ndiyo sababu walii ni mja aliye karibu na Mungu, na pia ni baba au ndugu anayemwozesha binti.

Mzizi huu ndio ufunguo wa theokrasia inayotajwa kuliko zote katika zama zetu, ile ya Iran. Mwaka 1970, akiwa uhamishoni Najaf nchini Iraki, Ruhollah Khomeini alitoa mihadhara juu ya Wilayatul Faqih. Ukiifasiri “utawala wa mwanazuoni” hujakosea, lakini umeacha nusu ya maana. Fakihi ni mjuzi wa sheria ya dini, na wilaya hapa ni uwalii, kama ule wa nikaha. Katika fikihi ya Kishia, fakihi alikuwa na usimamizi wa mambo yasiyo na msimamizi, kwa mfano mali ya yatima. Mashia wa Maimamu Kumi na Wawili wanaamini kwamba Imamu wa 12 yuko katika ghaiba, yaani amefichika, tangu karne ya 9. Hoja ya Khomeini ilikuwa kwamba, Imamu akiwa ghaibu, taifa zima linahitaji walii, na walii huyo ni fakihi mwadilifu. Wanazuoni wakubwa hawakukubaliana wote. Abu al-Qasim al-Khoei, aliyefundisha katika mji uleule wa Najaf, aliuona uwalii wa fakihi kuwa na mipaka finyu zaidi.

Baada ya mapinduzi ya 1979 hoja hiyo iliandikwa katika katiba. Iran ina rais na bunge wanaopigiwa kura, na mtu akiishia hapo ataiita jamhuri kama nyingine. Lakini juu yao yupo fakihi, ambaye idhaa ya Kiswahili ya Tehran humwita Kiongozi Muadhamu. Yeye ni amiri jeshi mkuu, na ndiye anayemteua mkuu wa mahakama. Baraza la Kulinda Katiba lina wajumbe 12. Mafakihi 6 huteuliwa na Kiongozi, na wanasheria 6 huchaguliwa na bunge kutokana na majina yanayopendekezwa na mkuu wa mahakama. Baraza hilo hupima kila sheria ya bunge kwa mizani ya Uislamu, na huchuja wagombea. Kiongozi mwenyewe huchaguliwa na baraza la wanazuoni 88 waliopigiwa kura na wananchi, ila wagombea wa baraza hilo nao wamechujwa na Baraza la Kulinda Katiba. Ukifuata uzi kutoka kwenye sanduku la kura, unarudi kwa fakihi.

Vatican uzi ni mfupi zaidi. Mji huo, ambao haufiki nusu ya kilometa ya mraba, ulipata udola wake kwa mkataba wa mwaka 1929 kati ya Papa na Italia. Papa, akishachaguliwa na makadinali, ana mamlaka yote ya kutunga sheria, kutekeleza na kuhukumu. Huko Tibet, mamlaka ya nchi yaliwekwa mikononi mwa Dalai Lama wa 5 mwaka 1642. Mwaka 2011 Dalai Lama wa 14, akiwa uhamishoni India, aliyakabidhi madaraka ya kisiasa kwa viongozi waliochaguliwa, akabaki na uongozi wa kiroho. Alionyesha kwamba vyeo hivyo viwili vinaweza kutenganishwa na mtu anayevishika vyote.

Kwa msomaji wa pwani yetu, mfano wa karibu zaidi ni Oman. Kwa Waibadhi, Waislamu wa madhehebu ya huko, imamu hupata cheo kwa kuchaguliwa: wanazuoni na wazee humpa baia, yaani kiapo cha utii, na akipotoka wana haki ya kumwondoa. Ahmad bin Said, aliyeasisi ukoo wa Busaidi katika karne ya 18, alikuwa imamu. Wazawa wake waliotawala Maskati na baadaye Zanzibar walijulikana kwa cheo cha Seyyid, kisha Sultani. Seyyid Said bin Sultan, aliyehamishia makao yake Unguja, hakuwa imamu. Zanzibar ilikuwa na kadhi wa Kiibadhi na kadhi wa Kisuni, na sheria ya Kiislamu ilihukumu mambo mengi, lakini kadhi aliwekwa na sultani na aliweza kuondolewa na sultani. Ulikuwa usultani wa Waislamu, na jina la theokrasia haliutoshei. Bara ya Oman, kinyume chake, iliurudisha uimamu mwaka 1913, ukaendelea mpaka majeshi ya sultani, yakisaidiwa na Waingereza, yalipouvunja katika miaka ya 1950.

Kutokana na mifano hii kipimo kinajitokeza: sheria ya nchi na hukumu ya mwenye cheo cha dini vikigongana, neno la mwisho ni la nani? Nchini Uingereza mfalme ni mkuu wa Kanisa la Uingereza na maaskofu 26 wana viti katika Nyumba ya Malodi, lakini Bunge ndilo lenye neno la mwisho. Hiyo ni nchi yenye dini rasmi. Nchini Kenya, katiba ya 2010 inasema hakuna dini ya taifa, na kifungu cha 170 kinaweka mahakama za kadhi kwa mambo ya ndoa, talaka, urithi na hadhi ya mtu, kwa Waislamu waliokubali kuhukumiwa humo. Rufaa zake huenda Mahakama Kuu. Katiba ndiyo inayomtuma kadhi.

Upande wa pili wa jambo hili nao unadai neno zuri. Katiba ya Tanzania inaitaja Jamhuri ya Muungano kuwa nchi isiyokuwa na dini, na wapo wanaosikia humo kwamba nchi imemkana Mungu, ingawa wimbo wa taifa wenyewe ni dua. Maana iliyokusudiwa ni kwamba mamlaka ya nchi hayana dini, na wananchi wanazo zao.

Pendekezo langu ni hili. “Theokrasia” liwe jina la mfumo, ndugu ya demokrasia, na sifa yake iwe “-a kitheokrasia”. Tukitaka kumtaja mshika hatamu, tumtaje kwa jina lake: utawala wa mafakihi, utawala wa Papa, uimamu. “Dini rasmi” libaki na mahali pake, na “mahakama ya kadhi” ibaki mahakama.

Sisemi haya kwa ajili ya kamusi peke yake. Kabla ya kura ya maoni ya Agosti 2010, Wakenya walibishana vikali juu ya kadhi, na wengine waliogopa kwamba taifa linatiwa chini ya dini moja. Hofu kama hiyo huhitaji swali la kuipima: huyu kadhi anatumwa na nani, hukumu yake hukatiwa rufaa wapi, na nani anaweza kumwondoa? Nikaha nayo ina somo lake. Walii anayejua wajibu wake humwuliza binti ridhaa yake kabla ya kumwozesha. Taifa nalo, likiambiwa kwamba lina walii, lina haki ya kuuliza ni lini liliulizwa, na kama litaulizwa tena.