Namba Nne Iko Wapi? Historia Fupi ya Bodi ya Stima

Mwaka jana nilirushwa na stima hapa Kitale, na kosa lilikuwa la kuhesabu. Ndiyo, kuhesabu moja hadi nane. Na mimi ndiye yule aliyesomea uhandisi wa umeme akaacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo cheka kwanza halafu tuendelee.

Nilikuwa namsaidia anko, fundi wa stima kutoka Bungoma, kubadilisha soketi kwenye duka la mahindi. Bodi ilikuwa na breka nane kwa mstari, namba zake zimefutika. Kwa kifuniko kulikuwa na karatasi: "4, soketi za nyuma." Nikahesabu kutoka kushoto, nikazima ya nne, nikashika waya. Kushtuka, nimekaa juu ya gunia, mkono unatetemeka.

Anko hakunigombeza. Aliuliza tu, "Kijana, meni swichi iko upande gani?" Ilikuwa kulia. "Basi namba moja ni ile iko karibu nayo." Ukianzia huko, namba nne ni breka ya tano kutoka kushoto. Aliyeandika karatasi alikuwa sawa. Ni mimi nilisoma bodi kama daftari.

Nikaanza kuchimba: hii hesabu ilitoka wapi?

Rudi 1882. Huko London, chama cha wahandisi wa telegrafu na umeme kilitoa kanuni za kwanza za kuweka taa za umeme, lengo likiwa kuzuia moto. Mwaka huohuo Thomas Edison akawasha kituo cha Pearl Street, New York. Baadaye kila upande ulikuja na mazoea yake, na sisi tukarithi ya Mwingereza. East African Power and Lighting iliundwa 1922 kwa kuunganisha kampuni ya Mombasa na ya Nairobi, na 1983 ikaitwa Kenya Power and Lighting. Jina lilibadilika, lakini mkono wa fundi uliendelea vilevile.

Mazoea hayo yana akili ndani yake. Sakiti yenye mzigo mkubwa, kama ya jiko la stima, huwekwa karibu na meni swichi ili mkondo mzito usisafiri mbali ndani ya bodi. Ndiyo maana hesabu inaanzia hapo.

Sasa nenda Bungoma kwa mashine ya kusaga mahindi, bodi ya fezi tatu. Hapo namba moja si breka moja, ni nafasi ya breka tatu. Zamani ziliandikwa 1R, 1Y, 1B, yaani nyekundu, njano na buluu. Siku hizi ni 1L1, 1L2, 1L3. Mota ya kusaga inachukua namba nzima.

Binamu yangu aliye Marekani alinitumia picha ya bodi yake, nikacheka. Kushoto ni 1, 3, 5. Kulia ni 2, 4, 6, kama namba za nyumba kwa barabara. Kumbe 1 na 2 ziko kwa mstari mmoja na zinakula laini moja, 3 na 4 zinakula ile nyingine. Ndiyo maana breka pacha ya jiko inakaa kwa 1 na 3. Namba nne yake na namba nne ya duka la Kitale hazijuani kabisa.

Rangi nazo ni hadithi ileile. Mwaka 2004 Uingereza ilianza kuacha nyekundu, njano na buluu, ikachukua kahawia, nyeusi na kijivu, na nyutro ikawa buluu. Kufika 2006 rangi mpya zikawa lazima kwa kazi mpya. Nyeusi iliyokuwa nyutro sasa inaweza kuwa fezi. Kwa majengo yetu rangi zote mbili ziko, wakati mwingine ndani ya boksi moja.

Najua mafundi watasema: fundi wa kweli hasomi karatasi, anapima. Kweli kabisa, na ningepima singekuwa kwa gunia. Lakini bodi si ya fundi peke yake. Tangu 2015 mradi wa Last Mile umepeleka stima kwa nyumba nyingi za vijijini, ada ikishuka kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000. Soketi ikianza kutoa moshi usiku, anayekimbilia bodi ni mama wa nyumba, na hana testa.

EPRA inatoa leseni kwa mafundi, na kanuni za Uingereza zinataka jedwali la sakiti likae kwa bodi. Maoni yangu: kazi bila karatasi inayosomeka haijaisha, na fundi asilipwe pesa ya mwisho. Na karatasi isiseme tu "4, soketi." Iseme hesabu inaanzia wapi, na itumie majina ambayo watu wa hapo wanatumia: jikoni, kwa ng'ombe, chumba cha shosho.

Mimi na anko tulibandika mpya pale dukani. Mstari wa kwanza unasema: "Anza kulia, kwa meni swichi."

Yako inaanzia wapi? Nitumie picha, lakini tafadhali usifungue kifuniko.