Kutoka Wimbi hadi Granola: Nafaka ya Asubuhi Nakuru na Bonde la Ufa la Kati

Granola ni oti zilizobanwa zikawa bapa, zikachanganywa na asali, mafuta kidogo, njugu na mbegu, kisha zikaokwa kwa moto mdogo hadi zikakauka na kuanza kulia menoni. Huko Nakuru ni chakula cha juzi. Kizazi kilichopita ni wachache mjini waliolijua jina hilo, na hata leo ukilitaja katika nyumba nyingi za Bahati au Rongai utaulizwa kama ni dawa. Lakini vilivyomo ndani ya sufuria ya granola, kila kimoja kina historia yake katika eneo hili, na baadhi ni vya kale kuliko mji wenyewe. Kigeni hasa ni ukavu wake. Kwa karne nyingi asubuhi ya Bonde la Ufa imekuwa ya kunywa: maziwa, uji, na baadaye chai.

Mawe ya kusagia ni ya zamani sana hapa. Katika pango la Mto Njoro, lililochimbuliwa na wanaakiolojia Louis na Mary Leakey mwaka 1938, yalipatikana mabaki ya watu waliochomwa baada ya kufa yapata miaka 3,000 iliyopita, wakiwa wamezikwa na mabakuli ya mawe, mawe ya kusagia na michi yake. Mtu angependa kusema kwamba hayo yalikuwa mawe ya unga, lakini ushahidi haufiki huko. Mawe ya namna hiyo yalisagia pia ngeu, ule udongo mwekundu wa kujipaka, na watu wenyewe walikuwa wafugaji kwanza. Kando ya mji, katika Hyrax Hill, wakazi wa baadaye waliacha mashimo ya bao yaliyochongwa kwenye mwamba. Kuhusu kiamsha kinywa chao hawakuacha dalili iliyo wazi kiasi hicho.

Karne ya 19 ina habari za uhakika zaidi. Kusini mwa Ziwa Baringo, Wailchamus, ambao watu wa pwani waliwaita Wanjemps, walichimba mifereji ya kumwagilia mashamba na kulima mtama na wimbi. Misafara ya pembe za ndovu iliyotoka Pangani na Mombasa ilipita nchi ya Wamaasai, iliyokuwa na ng'ombe tele na nafaka haba, ikafika kwa Wanjemps na njaa. Hapo walipumzika, wakanunua nafaka kwa shanga na nguo, wakajaza mizigo upya. Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani, aliijua njia hiyo vizuri, na ndiye aliyefuatana na mpelelezi Joseph Thomson mwaka 1883 na baadaye msafara wa mpelelezi mwingine, Count Teleki. Kwa hiyo biashara kubwa ya nafaka ya mwanzo katika bonde hili ilikuwa ya mtama na wimbi, ikaendeshwa kwa sehemu yake kwa Kiswahili, kabla ngano haijapandwa.

Asali ilitoka msituni. Waogiek wa Mau walichonga mizinga kwa magogo ya mtarakwa, wakaitundika juu ya miti na kufuata maua kutoka bonde hadi mlimani kadiri majira yalivyobadilika. Asali ililiwa, ikatengenezewa pombe, ikahifadhi nyama, na ikabadilishwa kwa mifugo na nafaka za majirani. Biashara hiyo haijafa. Asali ya Waogiek wa Mariashoni imetambuliwa na shirika la Slow Food kama zao la kulindwa. Msitu wenyewe uligeuka kuwa kesi, na tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba serikali ya Kenya ilikiuka haki za Waogiek kwa kuwafukuza Mau.

Wimbi lilikuwa nafaka ya heshima kwa Wakalenjin. Unga wake ulisongwa ukawa kimyet, au ukakorogwa ukawa musarek, uji unaoachwa uchachuke kidogo. Wakikuyu, waliokuja kwa wingi kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, walileta ũcũrũ wa mũkio, uji wa nafaka iliyotwangwa mbichi, ikachujwa na kuchachushwa. Lakini palikuwa na mahali pamoja ambapo nafaka ilikaushwa kwa moto hadi ikabadilika rangi, napo ni penye pombe. Katika kutengeneza busaa, unga wa mahindi hukandwa kwa maji kidogo na kuachwa siku kadhaa uchachuke. Kisha hutandazwa juu ya bati lililopashwa moto kwa kuni. Mpikaji huuchota na kuugeuza kwa koleo bila kupumzika, maana ukiungua upande mmoja pombe yote itakuwa chungu. Mvuke mchachu hutangulia kupanda, kisha harufu hubadilika ikawa ya mkate uliokolea, na unga hukatikakatika kuwa madonge ya hudhurungi, makavu, yanayovunjika vidoleni. Madonge hayo huanikwa juani, na siku ya kupika hutiwa maji na kimea cha wimbi. Watoto waliokuwa karibu na bati hawakosi kuiba donge. Anayetafuta babu wa granola katika Bonde la Ufa atamkuta hapo, penye bati la busaa.

Reli ilifika Nakuru mwaka 1900. Miaka minne baadaye, kwa mkataba wa 1904, Wamaasai walihamishwa kutoka malisho ya Naivasha na Nakuru, na ardhi yao ikagawiwa walowezi. Aliyejulikana zaidi kati ya hao, Lord Delamere, alichukua eneo kubwa la Njoro. Kondoo na ng'ombe wake walikufa kwa maradhi, akageukia ngano. Ngano nayo ikaota vizuri, ikachanua, kisha ikapatwa na kutu. Kutu ya shina ni ukungu unaotoboa bua kwa vidonda vyekundu na kunyonya chakula kabla punje haijajaa, na mkulima hubaki na mabua na makapi. Delamere aligharimia majaribio ya kuchanganya mbegu za Ulaya, Australia na Misri ili kupata inayoistahimili. Mwaka 1908 alianzisha kampuni ya kusaga na kuiita Unga, na ni mara chache kampuni ya mkoloni imebatizwa kwa neno la Kiswahili lililo wazi hivyo. Mwaka 1923 wakulima wa Nakuru walikuwa na chama chao, KFA (Kenya Farmers' Association), kilichowauzia pembejeo na kuwatafutia soko.

Kituo cha kuzalisha mbegu kilichoanzishwa Njoro mwaka 1927 ndicho kilichoipa dunia deni ambalo watu wa Nakuru huwa hawalidai. Mtaalamu wa mbegu za ngano Norman Borlaug alipokuwa Meksiko katika miaka ya 1940, alihitaji ngano isiyoshindwa na kutu, akapata mbegu zenye asili ya Kenya na kuzichanganya na Mentana, ngano ya Italia. Mojawapo ya matokeo yake ni aina iliyoitwa Kentana, na jina lenyewe linaonyesha wazazi. Nusu karne baadaye deni liligeuka upande wa pili. Kutu mpya, Ug99, ilionekana Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990 na kuingia Kenya, na mbegu zilizokuwa zimeaminika zikaanguka. Tangu mpango wa kimataifa wa kupambana nayo uzinduliwe Nairobi mwaka 2005, maelfu ya mbegu kutoka nchi nyingi hupandwa Njoro ili zionwe kama zitaugua.

Hata hivyo ngano haikuishinda asubuhi ya mfanyakazi. Mahindi ndiyo yaliyoishinda. Walowezi walileta kupitia Afrika Kusini mahindi meupe yenye punje kubwa, mojawapo ikiwa Hickory King, mbegu iliyotoka Virginia, kusini mwa Marekani. Ilichanganyika na nyingine mashambani hadi ikawa sehemu ya ukoo wa mahindi meupe ya nyanda za juu za Kenya. Mfanyakazi alipewa unga wake kama posho, kwa kawaida ratili mbili kwa siku, na wimbi likarudi nyuma likawa zao la kando ya shamba. Huko Virginia na Carolina, Hickory King ni mahindi ya fahari ya mpishi wa kusini: huyaloweka katika maji ya jivu ili ganda litoke, au huyaparaza na kuyapika polepole yawe uji mzito unaoliwa asubuhi kwa siagi na chumvi. Kwa nafaka, basi, mpishi wa huko na mama wa Njoro anayesonga ugali ni jamaa. Wote wawili pia ni watu wa nafaka laini, inayoiva kwa maji, na granola iliwajia wote ikiwa ngeni.

Ilitoka kaskazini mwa Marekani. Mwaka 1863 daktari James Caleb Jackson, aliyekuwa na nyumba ya tiba ya maji Dansville, New York, alioka unga wa ngano isiyokobolewa, akauvunja vipande, akauoka tena. Aliuita Granula. Ulikuwa mgumu mno, hata ilibidi uloweshwe usiku kucha katika maziwa ndipo uliwe. John Harvey Kellogg, Msabato wa Battle Creek, Michigan, alitengeneza chake cha ngano, oti na mahindi kwa jina hilohilo, na baada ya mzozo na Jackson akabadilisha herufi moja ikawa Granola. Jina lilififia, kisha likafufuliwa katika miaka ya 1960 na vijana waliokikataa chakula cha viwandani, safari hii likiwa na oti, asali na njugu. Granola inayopikwa Nakuru ni ya ufufuo huo.

Oti zilikuwa zimetangulia kufika. Kiswahili cha vitabu mara nyingi huita oti na nafaka ya bia kwa jina moja, shayiri. Mkulima wa Mau Narok anayelima shayiri ya kiwanda cha bia hawezi kuvumilia mkanganyiko huo, na ndiyo sababu hapa oti zinaitwa oti. Walowezi wa Molo na Mau, ambako baridi inazifaa, walizilima kwanza kwa ajili ya farasi, na hata leo nyingi za sehemu hizo hulishwa ng'ombe wa maziwa. Kuifanya oti chakula cha mtu ni kazi ya kiwanda. Ganda lake linaibana punje, na ndani mna mafuta yanayoharibika upesi punje ikivunjwa, kwa hiyo lazima ipashwe mvuke kwanza, kisha ipitishwe kati ya magurudumu ya chuma iwe bapa. Uji wake ulipikwa katika majiko ya walowezi na wapishi Waafrika ambao wenyewe walikwenda nyumbani kula posho. Wengi wao waliijua kazi ya oveni, biskuti na keki, na ujuzi huo uliteremka kwa wake na watoto wao bila kuandikwa.

Baada ya uhuru, asubuhi ya mjini iliangukia chai ya maziwa na mkate, au mandazi. Mashambani uji wa mahindi na wimbi uliendelea. Kuoka nyumbani kulienea kupitia vikundi vya akina mama, hasa Maendeleo ya Wanawake, iliyoanzishwa mwaka 1952, na kwa hila ambayo bado inatumika Nakuru: sufuria kubwa hutiwa mchanga na kuwekwa juu ya jiko, sufuria ndogo yenye mchanganyiko huingizwa ndani, kifuniko kikafunikwa na makaa. Keki huiva humo vizuri tu.

Granola nayo hupikwa hivyo pasipo oveni, au moja kwa moja kwenye kikaango kizito. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya bahari, na maji huchemka karibu nyuzi 94, hivyo uji na maharage huchelewa kuiva. Nafaka kavu haiathiriwi na jambo hilo. Inayoleta shida ni asali. Huungua mapema kuliko sukari ya mezani, na isipokomaa vizuri mzingani huwa na maji mengi, na granola yake haikauki hata ikae jikoni nusu siku. Mpikaji mzoefu hukaanga oti na njugu kwanza, na asali iliyopashwa huiongeza mwishoni, akikoroga mfululizo kama mtu wa bati la busaa. Ikitoka motoni bado ni laini, na anayeionja kwa mara ya kwanza hudhani haijaiva, huirudisha jikoni na kuiunguza. Hukauka ikipoa.

Viungo vya hapa vimebadilisha ladha yake. Lozi na zabibu kavu ni ghali, kwa hiyo njugu karanga za Nyanza huchukua nafasi ya kwanza, pamoja na mbegu za malenge ya Lare, kata ya Njoro, ambako malenge yamekuwa zao la jina. Wengine huongeza wimbi lililokaangwa hadi likaanza kuruka, jambo ambalo Kellogg hakulifikiria. Mezani pia kuna namna mbili. Vijana huila na mtindi au maziwa lala ingali kavu. Wazee wengi hawana subira na kelele ya kutafuna asubuhi: huimwagia maziwa ya moto, wakaifunika kwa sahani, na kungoja ilainike.