Kihamba, Baba na Idadi ya Watoto

Hapa Pasua tunawasikia wazee wakilalamika kwamba wanawake wa siku hizi hawataki kuzaa. Kwamba watoto wamepungua ni kweli. Utafiti wa taifa wa mwaka 2015–16 ulikuta mwanamke wa Tanzania akizaa wastani wa watoto 5.2, ule wa 2022 ukakuta 4.8, na mkoa wetu wa Kilimanjaro uko chini ya wastani huo. Lakini hesabu hizo humtaja mama peke yake. Historia ya mlima huu inamtaja baba, tena sana.

Wamisionari wa Leipzig walipofika kwa Wachaga mwaka 1893, baba alipimwa kwa kihamba chake na kwa jinsi alivyomtunza mzazi. Mke aliyejifungua alikaa ndani miezi kama mitatu, akilishwa mtori na mlaso, na kuchinja ilikuwa juu ya mume. Mimba nyingine ikija mapema mno, aibu ilimpata mume pia. Kupanga uzazi, basi, hakukuletwa na zahanati.

Kisha ikaja kahawa. KNCU ilianzishwa mwaka 1933, mibuni ikazidi kubanana na migomba, na watu wakaongezeka. Kihamba kwa desturi huwaangalia kifungua mimba na kitinda mimba. Wa katikati hutafuta kwingine. Wengi walishuka mjini, wakapanga vyumba, wakachelewa kuoa. Baba asiye na ardhi ya kugawa akawarithisha watoto ada ya shule, na ada ya wanane ni nani aiweze? Hesabu hiyo waliipiga wanaume pia, ingawa kimyakimya.

Na mtoto asipopatikana kabisa? Hapo kosa ni letu wachungaji. Miaka mingi tumewaita madhabahuni akina mama wanaotafuta mtoto, tukawasomea habari za Hana na Elisabeti, waume wakabaki kwenye mabenchi. Madaktari wanatuambia kwamba katika karibu nusu ya ndoa za namna hiyo tatizo liko kwa mume, peke yake au pamoja na mkewe. Tunamkumbuka mume mmoja aliyekubali kupimwa mwaka wa saba wa ndoa. Mkewe alikuwa ameshapimwa mara nne, na ukweni walikwisha kumwita tasa. Tulikuwa tumemwombea mama yule mara nyingi. Mumewe hatukumwuliza swali hata moja.

Mwaka 1522 Luther aliandika juu ya ndoa, akamtetea baba anayefua nepi za mwanawe huku watu wakimcheka: Mungu na malaika, alisema, wanamfurahia. Tuliyasoma hayo chuoni, tukacheka kidogo, tukafungua ukurasa mwingine.

Siku hizi tunawaita wote wawili, mke na mume. Jumapili ya kwanza walisimama akina mama kumi na mmoja. Waume walikuwa watatu, na mmoja wao alisimama karibu na mlango.