Sindano ipite wapi? Historia fupi ya kipimo cha tezi dume

Wandugu, pale chumba cha habari ikitajwa tezi dume, utani hauishi. Kila mtu anakumbuka kidole cha daktari, watu wanacheka, mada inafungwa. Leo naomba tuvuke hapo kwenye kidole.

Kidole na kipimo cha damu cha PSA vinatia shaka tu. Anayethibitisha saratani ni mtaalamu wa maabara, akichunguza kinyama kilichotolewa kwenye tezi yenyewe. Sasa hiyo sindano ya kukitoa ipite wapi? Madaktari wamebishana karibu miaka mia moja.

Tezi dume imejificha chini ya kibofu, mbele ya njia ya haja kubwa. Milango ni miwili: msamba, yaani lile eneo kati ya korodani na tundu la haja kubwa, au ukuta wa njia ya haja kubwa.

Mwaka 1930 Russell Ferguson, daktari wa New York, aliandika jinsi alivyopitisha sindano msambani na kufyonza chembe za tezi. Mwaka 1937 Astraldi wa Argentina akaeleza mlango wa pili.

Huu wa pili ndio ulioshinda. Tezi iko karibu sana pale, na altrasaundi ilipokuja, daktari akaweza kuiona huku akichoma. Mwaka 1989 Hodge na wenzake wa Stanford, Marekani, walionyesha kwamba kuchukua vinyama sita kwa mpangilio, vitatu kila upande, kunanasa saratani nyingi kuliko kulenga tu sehemu inayoonekana mbaya. Baadaye sita vikawa kumi na viwili.

Lakini fikiria: sindano inapita kwenye kinyesi, inaingia kwenye tezi, na tena zaidi ya mara kumi! Bakteria wanapata lifti ya bure. Kinga ikawa antibiotiki, hasa jamii ya sipro. Kisha bakteria wakajenga usugu, wengine wagonjwa wakaishia kulazwa wakiwa na maambukizi kwenye damu. Sisi tunaonunua sipro dukani bila cheti cha daktari, hili linatuhusu moja kwa moja.

Basi madaktari wakageuka nyuma, kwa Ferguson. Utafiti wa Uingereza uitwao TRANSLATE, uliotoka 2025, ulilinganisha milango hiyo kwa wanaume 1,126. Msamba, kwa ganzi ya kawaida, ulinasa saratani zinazohitaji kushughulikiwa kwa asilimia 60; njia ya zamani asilimia 54. Waliolazwa kwa maambukizi walikuwa wachache zaidi upande wa msamba. Ila maumivu wakati wa kuchomwa yalikuwa makubwa zaidi.

Na kabla ya hapo, mwaka 2018, utafiti wa PRECISION wa wanaume 500 ulionyesha kwamba kutangulia na picha ya MRI kunanasa saratani hizo kwa asilimia 38, dhidi ya 26 bila MRI.

Msimamo wangu? Palipo na vifaa na utaalamu, msamba. Pasipo na hivyo, mzee asirudi nyumbani bila kipimo eti anasubiri mlango bora. Amwulize daktari mambo mawili: sindano itapita wapi, na nitakingwaje na maambukizi?

Na sisi vijana, baada ya kucheka, tuwasindikize baba zetu wakapime.